Sweta la Chumba cha Kumi na Saba

Mimi ni fundi wa kompyuta, na nasema mapema kwamba sina subira. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimeshanuna. Kwa hiyo msishangae nikimsema bosi wangu humu, maana nimeshamsema mbele ya watu na kazi bado ninayo.

Chuoni kwetu kulikuwa na mtindo. Mtu akitaka kutoka kazini kabla ya saa, haombi ruhusa. Anavua koti, analitundika kwenye mgongo wa kiti, anaiacha kompyuta ikiwaka na kalamu wazi juu ya karatasi, halafu anakwenda zake. Ukimuulizia unaambiwa, "Yupo, katoka kidogo." Hicho kidogo kingeweza kuchukua siku mbili. Mwalimu wa Uchumi alikuwa na koti la kijivu ambalo hakuna binadamu aliyewahi kumwona amelivaa. Alilinunua kwa ajili ya kiti. Wanafunzi walishalizoea, wakipita wanaliamkia.

Aliyetufikisha hapo ni Mkuu wa Chuo mwenyewe, ingawa hakujua. Kila siku saa saba na nusu mchana alipita kwenye korido, mikono nyuma, akichungulia kwenye vioo vya milango. Akiona kompyuta inawaka, anaweka alama ya vema kwenye kijitabu chake. Akiona giza, anaweka alama ya kosa. Koti lilikuwa nyongeza tu, la kutilia mkazo. Tulimwita Mzee Doria, ila si mbele yake.

Sasa piga hesabu. Kompyuta mia moja na kumi na mbili zinawaka kutwa, nyingi hazina mtu. Zinatoa joto, joto linawashiwa viyoyozi, viyoyozi vinaulemea umeme, umeme ukikatika jenereta linaunguruma nyuma ya madarasa. Moshi wake ulikuwa unaingia moja kwa moja darasa la uuguzi. Mwalimu wa pale alifundisha habari za mapafu huku kajiziba pua kwa leso. Nililalamika mara tatu kwa maandishi, sikujibiwa hata mara moja.

Halafu Mkuu akaenda semina ya siku tatu, akarudi na mfuko wa kitambaa, kalamu ya mwanzi na homa ya mazingira. Akaitisha kikao. Akasema wakaguzi wa mazingira watatutembelea mwisho wa muhula, na chuo chetu lazima kionekane cha kijani. Akaunda kamati ya kupunguza umeme wa kompyuta, akanichagua mwenyekiti, kwa kuwa kati ya watu tisa walioitwa ni mimi peke yangu niliyekuwemo chumbani. Wengine waliwakilishwa na makoti yao.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia Mama Mdogo, akacheka mpaka akashika ubavu.

Mama Mdogo ni mdogo wake mama. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita, na ndiye aliyenisukuma nikasomee kompyuta wakati ukoo mzima unasema nikasomee ushonaji. Chuoni yeye ni mchapaji wa mitihani, chumba cha kumi na saba, mwaka wa ishirini na tisa huu. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Mume wake, Baba Mdogo, alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakawa yanamtoka kwa kuvutwa, moja moja. Mimi naishi mtaa wa pili, nawapitia jioni. Mchana nilijua kuna jirani anayemlisha. Niliambiwa hivyo, nami sikuuliza zaidi.

"Mwanangu," akaniambia akiwa anafuta machozi ya kicheko, "hao watu wakikosa makoti watavaa nini?"

Nikaanza kazi. Dawa yenyewe ilikuwa ndogo. Nilizipanga kompyuta zote zilale zenyewe zisipoguswa kwa dakika kumi. Hazizimiki, zinalala tu, ukigusa zinaamka. Mkuu akaniita pembeni akasema ya kwake nisiilaze, maana ofisi yake ni nyeti. Nikasema sawa. Pia niliweka programu ya kuhesabu kila kompyuta imekaa saa ngapi bila mkono wa mtu. Hiyo hakuniambia niiondoe kwake, nami sikumkumbusha.

Siku ya kwanza, saa saba na nusu, Mkuu akapita. Korido nzima ilikuwa giza. Alitembea kutoka mlango hadi mlango akiweka makosa, kosa, kosa, kosa, mpaka kalamu ya mwanzi ikavunjika ncha. Aliporudi ofisini kwake hakunywa chai.

Nikavamiwa. Mwalimu wa Uchumi, ambaye sikuwa nimemwona tangu muhula uliopita, alikuja mbio na shati lake akaniuliza nani kanituma.

"Kamati," nikamwambia. "Na wewe ni mjumbe. Koti lako lilikuwepo."

"Fundi, wewe ni mtoto wa watu. Usituharibie riziki."

"Riziki gani mnayoifanyia kazi mkiwa sokoni?"

Akaondoka akinung'unika. Nikajua sijamaliza naye, na kweli. Siku mbili baadaye Mwalimu wa Fizikia, mtu mwenye akili ambayo hajawahi kuitumia kwa jambo la maana, aligundua kwamba ukichukua feni la mezani, lile la kugeuza shingo, ukalifunga uzi, na mwisho wa uzi ukafunga kipanya cha kompyuta, basi feni likigeuka kushoto kipanya kinakwenda kushoto, likigeuka kulia kinakwenda kulia. Kompyuta hailali. Inadhani ina mtu. Kufika Ijumaa hapakuwa na feni dukani mtaa mzima. Ukipita korido unasikia vu, vu, vu kila mlango, makoti yanapepea kwenye viti, na hakuna roho ya mtu ndani.

Nilikwenda kusoma mita ya umeme nikadhani macho yangu yana kasoro. Nikafuta kioo chake kwa upindo wa gauni, nikasoma tena. Tulikuwa tunatumia umeme mwingi kuliko kabla ya kuanza kuupunguza. Nilikaa chini pale pale kwenye simenti nikasema maneno ambayo mwenyekiti wa kamati hapaswi kuyasema.

Mkuu hakujua habari ya mafeni. Yeye aliona taa zimerudi kwenye vioo, akajua watu wamerudi kazini. Ila yale makosa ya siku ya kwanza yalimkaa rohoni. Akaniagiza nilete orodha ya wiki nzima: kila chumba na saa za kazi ambazo kompyuta yake haikuguswa, kuanzia cha juu kabisa. Vyumba kwa namba tu, bila majina, ili kusiwe na upendeleo. Nitaisoma ukumbini mbele ya wote. Watatu wa kwanza watasimama na kujieleza, na wasipojieleza vizuri, ndiyo kazi imekwisha.

"Hata mtu amebakiza mwezi mmoja," alisema, "ataondoka mikono mitupu."

Nikafurahi. Msinione mbaya, nilifurahi kweli. Niliona siku ya makoti imefika, za mwizi arobaini. Nikaketi mezani nikatoa orodha kwenye mgongo wa karatasi iliyokwisha tumika, nikaisoma, na furaha yote ikanitoka.

Kumbe nilisahau jambo ambalo hata mtoto angelifikiria. Programu yangu inahesabu kompyuta isiyoguswa. Wenye mafeni zao zimeguswa. Kwa mujibu wa orodha, Mwalimu wa Uchumi alikuwa amefanya kazi mfululizo siku saba, mchana na usiku, bila kulala. Ndiye mchapakazi bora wa chuo. Wote waliodanganya walikuwa wasafi kama maziwa, na waliobaki juu ni wale wasio na feni. Wa kwanza ni chumba namba moja. Wa pili ni Mwalimu wa Historia, aliyetundika koti Jumatatu ya wiki iliyotangulia akaenda shambani kwake, hata habari ya mafeni hakuipata. Wa tatu ni chumba cha kumi na saba. Kila siku, kuanzia saa sita kamili hadi saa nane na nusu, hakuna mkono.

Nikasema programu imekosea. Fundi huwa anaanza hapo. Nikaikagua mara mbili, haikukosea. Nikainuka nikaenda chumba cha kumi na saba. Ilikuwa saa saba mchana.

Kiti kilikuwa kitupu, na mgongoni kimevaa sweta la Mama Mdogo, lile la rangi ya ndizi mbivu lenye vifungo vya mti. Nililijua sweta lile. Baba Mdogo alimnunulia kabla hajaugua, na alipomletea alisema sasa hana haja ya kuwasha taa nyumbani. Ghafla nikakumbuka kwamba ni muda mrefu sijamwona amelivaa. Asubuhi zenye baridi alikuwa anajifunga kanga mabegani akitoka, nami nilikuwa namtania kwamba anaringa. Nikavuta kiti cha pembeni nikamsubiri.

Aliingia saa nane na nusu kamili, anahema, kikapu mkononi, ndani yake bakuli tupu na kijiko. Aliponiona alisimama mlangoni.

"Umekaa sana?" akauliza.

"Tangu saa saba. Yuko wapi huyo jirani?"

Aliweka kikapu chini ya meza, akakaa, akaigusa kompyuta ikaamka.

"Jirani alihama mwaka ule ule," akasema. "Na hata angekuwepo, baba yako hataki kulishwa na mtu mwingine. Anafunga meno. Mwanaume mzima, mwanangu, anaona aibu. Kwangu mimi anafungua mdomo."

"Na kazi?"

"Naingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mlinzi ndiye shahidi. Saa sita inapofika nimeshachapa ya kutwa nzima. Uliza kama kuna mtihani uliowahi kuchelewa kutoka kwenye chumba hiki."

"Si ungeomba ruhusa."

"Kwa Mzee Doria?" Akanitazama kama nilipokuwa na miaka sita. "Aliyetangulia kuomba alihamishiwa stoo."

Nikamwonyesha orodha. Aliisoma taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari kama anavyosahihisha mitihani. Nikamwambia naweza kulifuta jina lake, yaani namba yake, kwa kidole kimoja, hakuna atakayejua. Au nimletee feni.

"Feni nililetewa na Mwalimu wa Uchumi, bure kabisa. Nikamrudishia," akasema. "Hii kompyuta nilikuwa naiacha inawaka kwa woga. Woga nao una mwisho wake. Ule moshi wanauvuta watoto wa watu darasani, halafu niongeze na feni juu? Na wewe usinifute. Ukinifuta mimi, hiyo kazi yako yote itakuwa uongo, na siku nitakayokuwa sipo utaona haya kuisimulia."

"Watakufukuza, Mama. Miezi minane tu imebaki."

"Labda," akasema, akaanza kuchapa. Herufi hakukosea hata moja.

Sikulala vizuri siku ile, na Ijumaa, siku ya kikao, nikaingia ukumbini. Watu walijaa. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wengi wao wakiwa ndani ya makoti. Mwalimu wa Uchumi alikaa mbele kabisa, mkunjo wa kiti umebaki kwenye bega la koti, anatabasamu. Mama Mdogo alikaa katikati, kanga mabegani.

Mkuu alifungua kikao kwa hotuba ndefu juu ya dunia yetu inayoungua na watumishi wanaoichoma kwa uvivu. Kisha akanipa ishara. Nikasimama na karatasi yangu.

"Chumba namba moja," nikasoma. "Masaa ya kazi arobaini. Kompyuta iliwaka arobaini. Iliguswa sifuri."

Ukumbi ukaguna. Mkuu akavua miwani.

"Sifuri? Wiki nzima?"

"Wiki nzima, Mzee."

"Huyo mtu asimame."

Hakuna aliyesimama. Niseme ukweli, nilijua, na nilinyamaza kwa makusudi. Mlango wa Mkuu hauna namba, una kibao cha shaba tu kimeandikwa MKUU, na namba iko chini ya kibao. Mtu anaweza kukaa miaka tisa ndani ya chumba namba moja asijue.

"Mnaona?" Mkuu akaendelea, sauti ikipanda. "Mtu anawasha mashine wiki nzima, hata kuigusa haigusi, na kusimama hataki. Huyu ndiye anayetuletea moshi. Huyu hana haya. Mimi ningekuwa yeye nisingesubiri barua, ningeondoka mwenyewe kwa miguu yangu."

Katibu muhtasi wake, mama mmoja mpole ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya "karibu, subiri kidogo," alinyoosha mkono.

"Mzee," akasema, "chumba namba moja ni chako."

Nyani haoni kundule, walisema wa zamani, na sisi wote tulikuwa tunaangalia sakafu ili tusionekane tunalifikiria. Mkuu alirudisha miwani, akaivua tena. Mwalimu wa Fizikia alipata kikohozi ambacho kilikuwa wazi si kikohozi.

"Endelea," Mkuu akasema kwa sauti ndogo.

Nikasoma wa pili. Mwalimu wa Historia akasimama, suruali bado ina udongo, akasema mahindi hayangojei. Akakaa. Nikaangalia mstari wa tatu, nikaanza kuikunja karatasi. Nikamwona Mama Mdogo anainuka kabla sijatamka kitu.

"Cha kumi na saba ni mimi," akasema. "Kila siku saa sita natoka kwenda kumlisha mume wangu, hawezi kushika kijiko. Saa nane na nusu narudi. Kazi ya siku naimaliza kabla ya kutoka, kwa sababu nafika hapa saa kumi na mbili na nusu. Na hapa kiti kinabaki na sweta langu ili Mkuu akipita aone nipo. Miaka mitatu. Sasa nimeshasema."

Mkuu akamgeukia.

"Kwa nini hukuniomba ruhusa?"

"Ungenipa?"

Nilidhani atasema ndiyo. Mtu yeyote angesema ndiyo, mbele ya watu vile. Lakini lazima nimpe haki yake, alifikiri kwanza.

"Nisingekupa," akasema.

Akashika kichwa. Kisha akaniuliza mimi, kwa unyenyekevu ambao sikuujua, kama ile kompyuta ya ofisini kwake inaweza kuzimwa kabisa. Nikamwambia inaweza, kuna kitufe.

"Kiko wapi?" akauliza. "Miaka tisa nimeogopa kuuliza. Barua zote ananichapia katibu. Mimi huwa nakaa pale mbele ya kioo nasoma gazeti."

Hapo ukumbi ulishindwa. Tulicheka, naye akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Nikaona nipigilie msumari wakati chuma kiko moto, nikasoma na jina la mchapakazi bora, yule aliyefanya kazi siku saba usiku na mchana. Nikaeleza habari ya feni. Mwalimu wa Uchumi aliteremka kwenye kiti mpaka likabaki koti, na hivyo ndivyo tulivyomzoea.

Makubaliano yaliandikwa pale pale. Ukitoka, unazima kompyuta. Mlangoni unabandika karatasi: umekwenda wapi, utarudi saa ngapi. Mkuu atasoma karatasi, hatasoma taa. Akiona sababu ya kweli na kazi imefanyika, anapita. Barua za kufukuzwa hazikuandikwa. Mafeni yalikusanywa yakapelekwa darasa la uuguzi.

Jumatatu nilipita korido saa saba na nusu. Giza, na karatasi kila mlango. "Nipo maktaba." "Nimempeleka mtoto kliniki." Mwalimu wa Uchumi alikuwa ameandika, "Nipo," na nilipochungulia kweli alikuwepo, anaona joto ndani ya koti. Kwenye mlango wa Mkuu paliandikwa kwa mkono wake, "Najifunza kompyuta kwa katibu. Msinicheke." Jenereta lilikuwa halijawashwa tangu asubuhi.

Chumba cha kumi na saba kiti kilikuwa kitupu, mgongo wazi. Karatasi ilisema, "Nimekwenda kumlisha mume wangu. Saa nane na nusu nitakuwa hapa."

Nami nikabandika ya kwangu nikamfuata. Niliwakuta wameketi barazani. Mama Mdogo alikuwa amelivaa lile sweta la rangi ya ndizi mbivu, na vifungo vyote amevifunga, ingawa jua lilikuwa kali. Kijiko kilikuwa hewani. Baba Mdogo hakukiangalia. Alikuwa analiangalia sweta, anavuta maneno yake kutoka mbali, moja moja, nasi tukasubiri mpaka yakafika.

"Leo," akasema, "kiti... kitavaa nini?"